Jina la Mkwe

Hospitali mtoto mchanga hupewa kila kitu isipokuwa jina. Anapimwa uzito, anachomwa sindano, anafungwa mkononi kikaratasi cha "mtoto wa" fulani, halafu mzazi anakabidhiwa karatasi iitwayo tangazo la kizazi na kuambiwa akaandikishe ndani ya siku 90. Nchi hii ilianza mchakato wa katiba mpya mwaka 2011 na mpaka leo hatujafika. Sisi wawili tukapewa miezi mitatu kuafikiana juu ya neno moja.

Mimi neno lenyewe nilikuwa nalo tayari. Kwetu Kisarawe binti wa kwanza huchukua jina la bibi yake mzaa baba, na mama yangu anaitwa Mwajuma. Nikaligusia usiku wa kwanza tuliporudi nyumbani, mke wangu akiwa hoi, kwa hesabu kwamba mtu aliyechoka habishi. Akafumbua jicho moja.

"Kama mama? Yaani mwanangu awe Ndala Ndefu?"

Msomaji wa Mombasa au Bujumbura ajue kwamba Dar es Salaam jina hili limeota mkia. Mwajuma Ndala Ndefu ni mwanamke wa kubuni wa uswahilini: kanga kiunoni, mkono mmoja kwenye nyonga, mdomo usio na likizo. Hakuna aliyewahi kumwona, lakini kila konda wa daladala anamjua, na msichana akigombania chenji yake ya shilingi mia huitwa hivyo mbele ya abiria wote. Mama yangu mwenyewe aliwahi kuitwa hivyo na konda asiyejua kwamba ameotea jina la kwenye kitambulisho.

Mke wangu alitaka Nayla. Ni jina zuri, silikatai, linateleza mdomoni. Na hoja zake zilikuwa zimepangwa vizuri kuliko zangu. Kwanza, mtoto alizaliwa Jumanne, sasa Ijumaa inaingiaje? Nikamjibu kwamba hata mama alizaliwa Jumatano. Jina alirithi kwa bibi yake, na huyo bibi hakuna aliyebaki wa kutuambia alizaliwa siku gani. Pili, siku atakayoomba kazi benki, bosi akisoma barua ataona mtu wa kufagia. Tatu, akasema, hata wenye majina hayo wanayakimbia. "Nasibu Abdul wa Tandale akitaka pesa anakuwa Diamond Platnumz. Rajabu wa Mtwara anakuwa Harmonize. Wewe ulishasikia mtu analipa kiingilio kwenda kumwona Rajabu?"

Sikuwa na jibu. Nilisema tu kwamba Nasibu huyohuyo alipopata mtoto wa kiume mwaka 2019 alimpa jina lake la Nasibu, si la Diamond. Akasema mwenye pesa anaweza kumwita mtoto hata Jembe.

Siku ya saba ikafika hatujaelewana. Mbuzi akachinjwa, nywele zikanyolewa, shehe akauliza, "Binti anaitwa nani?" Nikamtazama mke wangu. Mke wangu akamtazama mbuzi. Shehe ni mtu mzima, amewaona wengi wa aina yetu. Akasoma dua ya "mtoto huyu" na kuomba sahani.

Kuanzia hapo jambo likawa la ukoo. Kwenye kundi la WhatsApp la familia kila mtu alitupia mapendekezo, na nikagundua kwamba kwa majina peke yake ungeweza kumpanga mtu umri wake bila kuuliza cheti. Wazee walileta Mwanahawa, Sikudhani, Chausiku. Shemeji yangu mmoja, aliyezaliwa mwaka vita vya Kagera vilipokwisha, 1979, anaitwa Mwamvita, na alikuwa wa kwanza kuandika kwa herufi kubwa kwamba mtoto asipewe jina la tukio. Jirani yake ni Mapinduzi. Wajukuu wote walipendekeza Nayla, kwa tahajia tofauti.

Kazini nako hapakuwa na nafuu. Mezani kwangu nakaa na mama mmoja, Skolastika, aliyezaliwa tarehe 10 Februari kwenye kijiji cha misheni, padri akafungua kalenda ya watakatifu, mambo yakaishia hapo. Ameteseka na jina hilo kwenye kila fomu. Kwa hiyo wajukuu zake hawakuguswa na kalenda: mmoja ni Noah. Nikamwuliza kama babu yake mtoto angeitwa Nuhu, wangelirithi? Akasema, Mungu apishe mbali, jina gani hilo la kizee. Basi mtoto ana jina la mtu wa safina, na mtaani kwao wanamwita kwa honi, kwa sababu wengine Noah wanayoijua ni ile ya Toyota inayobeba abiria. Mjukuu wa pili ni Brayan. Kwenye kadi ya chanjo ameandikwa Brian, kwenye cheti Bryan, na bibi wa upande wa pili anamwita Biriani, tena kwa mapenzi.

Jina huchakaa kama doti ya kanga. Likivaliwa na kila mtu linakuwa la jikoni. Likikaa sandukuni muda wa kutosha, mjukuu analitoa na kuulizwa amelinunua duka gani. Tatizo ni kwamba huwezi kujua sandukuni limeshakaa vya kutosha au bado linanuka vidonge vya mende.

Kisha mtoto akaanza kulia usiku. Si kulia kwa njaa, kulia kwa madai. Akaitwa shangazi yangu kutoka kijijini, akasikiliza kidogo akiwa amesimama mlangoni, akatoa hukumu: "Huyu analilia jina." Usicheke. Mwalimu Nyerere alipozaliwa mwaka 1922 alipewa kwanza jina la Mugendi, kisha kwa ushauri wa mganga likabadilishwa akawa Kambarage, jina la mzimu wa mvua. Julius lilikuja baadaye sana, kwenye ubatizo. Na Siti binti Saad, yule aliyekuja kuwa malkia wa taarabu, kwao alianza na jina la Mtumwa. Majina yamebadilishwa kwa watu wazito kuliko binti yangu.

Shangazi akamweka mtoto begani, akaanza kuwaita marehemu mmoja mmoja. "Wewe ni Mwanahawa?" Mtoto akalia. "Ni Sikujua?" Akazidisha. "Ni Mwamvua? Semeni? Tatu?" Kimya hakuna. Mke wangu alikuwa amekaa kitandani, amekunja mikono, na naapa midomo yake ilikuwa inasema Nayla bila sauti. Shangazi akafika kwenye tawi la ukoo ambalo huwa hatulizungumzi. "Ni Shida?"

Mtoto akanyamaza. Pu, kama redio iliyokatiwa umeme.

Tukatazamana. Jina la Shida lilikuwa la marehemu nyanya mmoja aliyeolewa mara nne na kufukuza waume wote wanne. Shangazi akaanza kutoa vigelegele, akavikatisha katikati, akashika bega lake. Lilikuwa limelowa hadi mgongoni. Mtoto alikuwa amecheua, gesi imemtoka, na sasa anatabasamu. Mke wangu akampokea na kumwambia mwanawe, kwa sauti ya kutosha nyumba nzima, kwamba shida wanazo watu wengine.

Shangazi hakuondoka mikono mitupu. Kabla ya kulala alitutahadharisha juu ya jina la Mwajuma, na tahadhari yake haikuhusu uzee wa jina. "Mtoto akiwa na jina la mkwe, mama yake hawezi kumfokea. Utaanzaje kusema 'fulani, mpumbavu wewe' na mwenyewe yuko sebuleni?" Ni kweli. Kaka yangu ana jina la babu yetu, na mama hakuwahi kulitamka. Alimwita "Baba" tangu yuko kwenye mbeleko mpaka alipooa. Hakuchapwa hata siku moja. Matokeo yake tunayaona kila mwisho wa mwezi anapokuja kukopa. Mke wangu naye, tangu nimuoe, sijawahi kumsikia akilitaja jina la mama yangu, hata hospitalini alipotakiwa kumwandikisha. Alinipa mimi kalamu.

Wiki iliyofuata mama akaja mwenyewe, na mihogo kwenye kiroba na jogoo aliyefungwa miguu. Nikasubiri ale, anywe maji, nikamwambia kwa adabu zote kwamba nimekusudia mjukuu wake achukue jina lake. Nilitegemea machozi. Mama akacheka mpaka akakohoa.

"Mwanangu, mtoto kakukosea nini?"

Nikamwambia ni heshima. Akasema heshima gani; shuleni kwao darasa moja lilikuwa na akina Mwajuma watano, mwalimu akachoka, akawapa namba. Yeye alikuwa Mwajuma wa nne. Mpaka leo akikutana na wa pili sokoni wanaitana kwa namba. "Mpeni mtoto jina la sasa hivi," akasema, akielekeza rimoti. "Mpeni Hurem."

Mama amemaliza ile tamthilia ya Kituruki ya Sultan, iliyotiwa sauti za Kiswahili, na amerudia. Hurem ni yule mke wa Sultan Suleiman aliyeingia jumbani akiwa mateka na kuwaondoa wenzake mmoja baada ya mwingine. "Mke mwenzangu huyu anafaa," akasema akimpapasa mtoto shavu, "ana macho ya kupanga mambo." Sikutaka kumvunja moyo, lakini Hurem wa kweli alifariki Istanbul mwaka 1558. Jina la kizamani la mama yangu lilikuwa na miaka yake sabini na kitu. Hili la kisasa mwenye nalo alizikwa zaidi ya miaka 460 iliyopita. Mke wangu, kwa mara ya kwanza tangu ajifungue, alikubaliana na mkwe wake: chochote, mradi si lile.

Kilichobadilisha mambo ni kliniki. Ilipofika chanjo ya wiki sita, mke wangu aliniwahi, akaandika Nayla kwenye kadi kwa penseli, "kwa muda tu". Akarudi nyumbani anang'aa. Mama akachukua kadi, akavaa miwani, akapiga kelele ya furaha: mtoto ameongezeka karibu kilo mbili! Akasifu maziwa ya mkwe wake, akampigia simu Mwajuma wa pili. Mimi nilimbeba mtoto nikaona ni yuleyule, mwepesi kama alivyoondoka. Nikageuza kadi. Nayla wa humo alikuwa na wiki kumi na nne na baba anayeitwa jina nisilolijua.

Kumbe nesi alipoita "Nayla!" walisimama akina mama wanne, na kadi zikapita mikono. Tulipowahi kurudi asubuhi, tulimkuta mama wa yule Nayla mwingine kwenye benchi analia, anasema mwanawe ameyeyuka, juzi alikuwa na nyama leo kadi inasema mifupa. Tukabadilishana kadi, tukapeana pole. Wakati tunatoka nikasikia nesi ndani anaita, "Mwajuma!" Akainuka mwanamke mmoja tu kwenye ukumbi mzima, bibi wa makamo, akasema samahani, yeye amemleta mjukuu.

"Umeona?" nikamwambia mke wangu. "Hilo ndilo jina lisilo na mwenzake."

Alinyamaza njia nzima. Tulipofika stendi akasema, "Sawa. Muandikishe hilo lako." Hivyo tu. Hakuna hoja, hakuna masharti. Nilipaswa kuuliza kwa nini, lakini siku zilikuwa zimebaki chache na mimi si mtu wa kuchunguza ushindi. Nikamwandikisha. Karani aliandika, akasita, akaniuliza kama nina hakika huo mwaka wa kuzaliwa si 1954.

Sasa binti ana miaka miwili. Mama yangu anamwita Hurem, shangazi anamwita Shida kwa siri, majirani wanamwita Mwaju. Mwezi uliopita mama alikuja kukaa kwetu baada ya kutolewa mtoto wa jicho, na amekuwa akisaidia jikoni bila kuombwa: anafunua sufuria, anaongeza chumvi, anauliza kitunguu cha nini kingi hivyo. Mke wangu, kwa adabu ya kwao Tanga, hajasema kitu.

Jumapili mchana nikiwa uani nikamsikia kutoka jikoni, sauti imejaa nyumba: "Mwajuma! Mwajuma wewe! Nani kakutuma ufunue masufuria yangu? Kila kitu unataka kutia mkono! Umekuja humu ndani kunipandisha presha?"

Sebuleni televisheni ikapunguzwa. "Unasemaje, mwanangu?" mama akauliza.

"Nasema na huyu mtoto, mama. Msumbufu!"

"Mfunze, mfunze," mama akasema. "Wasipofunzwa wadogo hivyo wanaharibika."

Nilipita chumbani. Mtoto alikuwa amelala tangu saa saba. Nikarudishia mlango, nikaenda sebuleni, nikaongeza sauti ya televisheni.