Mtoto wa Mgeta Chini ya Bahari

Sisi wa Mgeta tuna majivuno ya maji. Mito ya Uluguru ndiyo inayoujaza Ruvu, na Ruvu ndio unaoinywesha Dar es Salaam, kwa hiyo mtu wa Dar akifungua bomba tunajiona tumemkirimu. Ila usituulize kuogelea. Maji yetu yana haraka ya kuwahi mjini. Yanakupita magotini, yana baridi ya kung'oa meno, unanawa uso unatoka. Yanapopata kina, chini ya poromoko, bibi alishatuambia pana mwenyewe, na mwenyewe hapendi wageni.

Hata hivyo nikashawishiwa na rafiki wa kazini, mzaliwa wa Dar mwenye maneno mengi, twende tukazamie karibu na kisiwa cha Mbudya. Mafunzo ya bwawani niliyamaliza vizuri, maana bwawa lina ukingo, na ukingo nilikuwa nimeushika.

Kwenye boti nikabebeshwa mtungi wa hewa mgongoni, kisha nikafungwa mkanda wa risasi kiunoni. Nikauliza kwa adabu: anayeogopa kuzama anafungwa risasi za nini?

"Bila hizo utaelea, kaka," mwalimu akasema.

Nikamwambia mimi sina ugomvi na kuelea.

Sharti lake kuu lilikuwa moja: usibane pumzi kamwe. Ukiwa mita 10 chini, mgandamizo ni mara mbili ya ule wa juu. Ukipanda umeibana, hewa inatanuka na kuchana mapafu. Sasa niambie, mwoga akishtuka anafanya nini kwanza? Anabana pumzi! Nikashuka na kamba ya nanga huku nahema kama ninayelipwa kwa pumzi.

Kilichoniokoa ni masikio. Sisi tuliokua tukipanda na kushuka magari ya Nyandira, kwetu Mgeta, tunajua kuzibuka masikio tangu tukiwa mgongoni kwa mama. Mita mbili tu za bahari hubana kuliko kuteremka kutoka kilele cha Bondwa hadi Morogoro mjini, lakini dawa ni ileile: meza mate, au ziba pua usukume hewa taratibu. Nikameza, nikasukuma, nikapita. Nyuma yangu, mzaliwa wa Dar alikwama mita tatu, ameikumbatia kamba, macho yamejaa kwenye miwani. Nikiri kwamba hofu yangu ilipungua sana nilipoiona ya kwake.

Chini, kwenye shimo la matumbawe, alikuwepo chewa mnene, mdomo anafungua anafunga, madoa hadi kwenye midomo. Akanitazama kwa macho ya karani aliyeletewa fomu isiyo na muhuri. Tukatazamana. Kasamaki kembamba kakaingia kinywani mwake, kakamsafisha meno, kakatoka salama, naye chewa akaendelea kunikagua. Nilipokumbuka kuogopa, mwalimu alikuwa ananionyesha kwamba muda umekwisha.

Tulizama tena mchana, mara hii nikiwa wa kwanza majini. Nilipopanda botini, simu ya mjomba ikaita. Kwa Waluguru ukoo ni wa mama, na mjomba akiita huulizi sababu: kikao cha shamba kinaanza usiku, panda treni ya SGR, Morogoro ni chini ya saa mbili.

Mwalimu akakataa. Naitrojeni iliyoingia kwenye damu kule chini inataka muda wa kutoka. Ukiwahi mwinuko inageuka mapovu ndani ya mwili. Baada ya kuzama mara mbili, hata ndege unaisubiri saa 18. Wazamiaji huanza kuhesabu mwinuko kwenye mita 300. Morogoro mjini ni kama 500, na Nyandira ni zaidi ya mara mbili ya hapo. Yaani bahari imeniruhusu, kwetu ndiko nimezuiwa.

Nikampigia.

"Mjomba, shikamoo. Leo siwezi kupanda mlima."

"Marahaba. Unaumwa?"

"Siumwi. Nilikuwa chini ya bahari, nina gesi mwilini."

"Chemsha tangawizi, unywe, uje."

"Siyo ya tumboni, mjomba. Iko kwenye damu. Nikifika huko juu itatoa mapovu."

Akanyamaza. Kisha nikamsikia akiwageukia wenzake: "Muandikeni hayupo. Anasema anatoka mapovu."

Hazikupita dakika mbili, mama akapiga analia, anauliza nimelazwa hospitali gani.