Bilioni mbili, kasoro bilioni

Hongera, umeshinda! Novemba 2022, tiketi moja ya bahati nasibu ya Powerball iliyouzwa Altadena, California, ilibeba dola bilioni 2.04. Uwezekano wa kuipata ni mmoja kati ya milioni 292, lakini hiyo ndiyo sehemu rahisi. Ukizitaka bilioni mbili kamili, vumilia: utalipwa kwa awamu 30, moja kila mwaka, na uombe afya njema. Ukizitaka taslimu, unapewa milioni 997.6. Nusu imeyeyuka na mtoza kodi hata hajabisha hodi. Akifika, anakata asilimia 24 papo hapo. Msimu wa kodi anarudi kudai ifike 37. Kwa uzuri wa roho, jimbo lenyewe halikutozi kitu.

Weka sahihi nyuma ya tiketi mapema, maana isiyo na sahihi mwenyewe ni aliyeishika. Kisha jiandae: kwa sheria ya California jina lako ni mali ya umma, na mabinamu usiowajua watakupigia kabla ya benki. Ukijificha mpaka muda upite? California hupeleka zawadi zisizodaiwa kwenye shule za umma. Walimu, nadhani, wanakuombea usahaulifu.