Sifa za Probox na Abiria Wake wa Kumi

Lucian wa Samosata, aliyeandika kwa Kigiriki katika karne ya 2, alimtungia inzi sifa ndefu, na wasomi wanazisoma mpaka leo bila kuona haya. Angefika Bonde la Lambwe angempata wa kusifiwa zaidi: mbung'o, ambaye kwa malale na nagana aliwazuia watu na ng'ombe wasikae bondeni kwa miaka mingi, na kwa hisani hiyo akaitunzia Kenya swala wake wa mwisho aina ya korongo, wale wanaoishi sasa katika Hifadhi ya Taifa ya Ruma. Ikiwa hao wawili wamestahili neno jema, basi na Probox ipate lake. Sizungumzii ile inayokimbiza miraa kutoka Meru. Naisifu inayopanda kutoka Sindo kwenda Magunga katika vilima vya Gwassi, inayozunguka Homa Hills upande wa Karachuonyo, na inayotoka Kehancha kuelekea Kegonga na Ntimaru, ikiwa na viti vitano na abiria kumi.

Toyota ilipoitoa Probox nchini Japani mwaka 2002, kuchukua nafasi ya Corolla ya mizigo, ilimfikiria mtu wa mauzo na makasha yake: kiti cha nyuma kinakunjwa, buti ni bapa na pana, injini haina ulafi wa mafuta. Wahandisi walidhani wamemaliza kazi. Waliokuja kuimaliza ni wapiga debe wa Nyanza Kusini, ambao bila kuchora mstari hata mmoja waligundua kwamba gari lile lina safu tatu. Mbele wanakaa wawili kwenye kiti cha mmoja, na mwingine anagawana kiti na dereva, hivyo gia haiingii mpaka magoti kadhaa yaridhie. Nyuma wanabanana wanne, watoto wakipakatwa bila kuhesabiwa, maana mtoto hawi mtu mpaka alipe nauli. Kwenye buti ni watatu, wamejikunja na kuangalia kule walikotoka, pamoja na gunia la omena. Juu ya keria kuna godoro, mabati na kuku waliofungwa miguu. Mzee hupewa mbele, kijana hupelekwa buti, na mama aliyepanda akiwa mgeni hushuka akijua ukoo mzima wa aliyemkalia. Hapo abiria ni kumi kamili, na mpiga debe bado anaita, "Imebaki mmoja!" Sentensi hiyo husemwa tangu abiria wa kwanza hadi wa mwisho na kila mara huwa ni kweli; sijui ratiba ya basi inayoweza kudai uaminifu kama huo.

Lakini mapambo hayo si sababu ya sifa zangu. Ninachodai ni kwamba abiria wa kumi ndiye ruzuku ya usafiri wa vilimani. Tazama Uswisi, nchi yenye milima mingi kuliko yetu. Mabasi ya njano ya posta, yaliyoanza mwaka 1906, hupanda hadi vijiji vyenye nyumba chache, yakipiga honi ya noti tatu zilizotolewa katika muziki wa Rossini. Mengi huondoka na viti vitupu, nayo huondoka kwa saa iliyoandikwa, kwa sababu serikali kuu na majimbo huilipa tofauti ya nauli. Kiti kitupu kule kina mwenyewe. Gwassi, mabaki ya volkano ya kale ya Kisingiri, ina miinuko ya kutosha, mvua ya kutosha na mawe ya kutosha kula tairi, shoksi na breki za mtu yeyote, ila haina wa kulipia kiti kitupu. Tuseme nauli ni shilingi 200. Abiria wanne, ambao ndio sheria inawaruhusu ukimtoa dereva, wataleta 800. Kumi wataleta 2,000. Ukitaka dereva awapandishe wanne tu na bado ajaze mafuta, anunue shoksi na kumpelekea mwenye gari chake jioni, kila mmoja atoe 500. Mama anayeshusha debe la mahindi sokoni hana 500. Kwa hiyo fedha ambazo Uswisi huzitoa katika hazina, Gwassi huzitoa kwa magoti.

Atatokea mwenye busara aseme: leteni nissan ya abiria 14, kila mtu akae kama binadamu. Wazo ni zuri, na huko kwenye lami limeshatekelezwa. Barabara kuu kutoka Isebania kupitia Migori, Awendo na Rongo ina magari ya kila namna, na mabasi ya usiku ya Nairobi hufika mpaka Mbita. Kilimani hesabu hugeuka. Gari la watu 14 halitoki mpaka wapatikane 14, na katika steji ambayo abiria huja mmoja mmoja, wa kwanza aliyeketi alfajiri ataondoka jua likiwa utosini. Mvua ikinyesha, nissan italingoja trekta. Probox hujaa upesi kwa sababu ni ndogo, kisha hujaa tena kwa sababu haijali, na mahali pasipo na ratiba, kujaa ndiyo saa.

Wa pili atakuja na sheria. Nazijua. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliziruhusu matatu zibebe watu bila leseni, mwaka 1984 zikatambuliwa kisheria, na Februari 2004 waziri wa uchukuzi, John Michuki, akaleta mkanda kwa kila abiria, kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, na kila mtu na kiti chake. Baadaye, kwa sheria ya mwaka 2012, ikaundwa NTSA, mamlaka ya taifa ya usafiri na usalama. Probox inaziheshimu sheria zote hizi kila inapokiona kizuizi mbele. Wale watatu wa buti hushuka, wakakipita kizuizi kwa miguu kama watu wasiolijua gari lile, na kupanda tena baada ya kona. Na kama mkono wa dereva na wa askari umeshasalimiana, hata kushuka hakuna haja. Ni nadra kuona ushuru ukikusanywa nchini kwa kasi hiyo, bila fomu, bila foleni na bila risiti.

Pingamizi la tatu ni zito, na mzaha hauliwezi. Barabara za Kenya huua zaidi ya watu 4,000 kwa mwaka. Breki za Probox hazikutengenezwa kwa watu wazima kumi na mmoja wakiteremka kutoka Magunga. Mlango wa buti haufunguki kwa ndani. Na bima ya gari lililosajiliwa kuwa la binafsi haikuandikwa kwa ajili ya abiria wa nauli, kwa hiyo aliyevunjika mguu huenda akaambiwa kwamba safari yake haikuwapo. Sikatai hata neno moja. Nasema tu kwamba yote haya yanazidi kuthibitisha dai langu: abiria wa kumi analipa nauli, halafu analipa kwa magoti, na siku ya ajali analipa hospitali. Mlipakodi mwaminifu kama huyo Kenya haina.

Basi ipigwe marufuku? Imeshajaribiwa mara nyingi. Msako ukiingia, steji hulala, na wale kumi hugawanyika juu ya bodaboda, watatu kwa kila moja, kwa bei iliyopanda na bila hata paa la bati juu ya kichwa. Msako ukiisha, Probox hurudi na kupokewa kama mwana aliyetoka mbali. Marufuku huondoa gari, lakini ile tofauti ya shilingi 1,200 katika mfano wetu hubaki palepale ikimsubiri mlipaji.

Mlipaji huyo anajulikana. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezikabidhi kaunti usafiri wa umma wa barabarani, katika orodha ileile yenye barabara za kaunti, taa za mitaani na feri. Kuhusu barabara hatuna lawama kubwa. Greda hupita, picha hupigwa, na siku ya pili anayeifurahia murramu mpya ni Probox ileile, sasa ikiongeza mwendo. Usafiri wenyewe ndio ulioachiwa magoti. Waheshimiwa wa mabunge ya kaunti ya Homa Bay na ya Migori, nunueni viti vitupu. Andikeni mkataba na wenye magari, gari liondoke Magunga na Kegonga saa kumi na mbili asubuhi, limejaa au halijajaa, na pengo la nauli lilipwe na kaunti. Mkipitisha bajeti hiyo, nitaacha kuisifu Probox siku hiyohiyo.