Wiki ya Mgao wa Maji, Tabata

Novemba 2022

Jumatatu
Bomba limetoa upepo mchana kutwa. Usiku wa manane likatoa maji ya kahawia, kisha yakatakata. Tumejaza pipa na madumu yote. Boya la tangi la juu limekwama, maji yakateremka ukutani hadi kwenye migomba kabla kijana wetu hajapanda kuyafunga. Yamepotea maji ya kupikia siku kadhaa.

Jumanne
Vuli imechelewa, Ruvu imepungua. Mto huo unateremka kutoka Uluguru na ndio unaonywesha sehemu kubwa ya Dar es Salaam. Kukikauka Morogoro, koki za huku hukauka. Dumu la muuza mkokoteni limepasuka mlangoni. Shangazi kawahi na beseni, akaokoa nusu. Tumeyafulia nguo.

Jumatano
Nimeshuku choo kinavuja. Nimetia rangi nyekundu ya chakula kwenye tangi lake, tukakaa bila kuvuta. Muda si mrefu wekundu ukaonekana kwenye sinki la choo. Mvujo huu hauna sauti wala haulowanishi sakafu, na ndio unaoniuma kuliko bomba linalopasuka barabarani: lile kila mpita njia analiona na kuliripoti, huu unakunywa maji ya watoto usiku na mchana na hakuna anayejua. Fundi kabadilisha mpira. Tumetumbukiza pia chupa ya lita moja na nusu iliyojaa mchanga. Kila tunapovuta, kiasi hicho kinabaki.

Alhamisi
Chupa imezuia mkono wa boya kushuka, tangi la choo halikujaa. Imesogezwa pembeni.

Ijumaa
Jirani, Mungu ambariki, katupatia maji ya kisima chake. Ni ya chumvi, sabuni haitoi povu. Mgeni kayachotea chai. Chai imemwagwa. Sasa ndoo za chumvi zina kitambaa chekundu: ni za choo na kupiga deki tu. Ya bomba ni ya kunywa na kupikia, na yaliyooshewa mchele yanakwenda kwenye mchicha.

Jumamosi
Mpangaji wa chumba cha uani aliacha koki wazi ilipokuwa kavu. Maji yamerudi amelala, ua mzima umelowa. Shangazi hakugomba. “Mwanangu, hata ikiwa kavu ifunge. Maji hayapigi hodi.” Mpangaji kaomba radhi, kaazima ufagio, kayasukumia yote kwenye mipapai. Koki yake nayo inadondosha hata ikifungwa. Fundi kaahidi kuja kesho na washa mpya.