Bahari Ilikuwa Imetoka

Bado naisikia sauti ya kijana wa madafu: "Mama, boya la nini? Mbona hapo ni kutembea tu!" Ilikuwa saa nne asubuhi, Nyali, Mombasa. Nilikuwa na boya la mpira lenye kichwa cha bata kiunoni, watoto nyuma yangu, na mume aliyejipaka mafuta ya jua mpaka akang'aa kama samaki aliyetoka kikaangoni. Bahari haikuwepo. Penye bahari palikuwa na mawe, majani yaliyolala, na ngalawa iliyoegemea ubavu. Maji yenyewe yalikuwa yakimeremeta kule mbali, karibu na mwamba.

Na si kwamba sikupanga! Nilikuwa na daftari zima: nauli, unga, dawa ya mbu. Hata masika niliyakwepa. Dalali wa nyumba aliniapia kwamba kutoka mlangoni hadi majini ni hatua chache. Hakusema saa ngapi.

Chini ya mvinje alikuwepo mzee anashona wavu. Nikamwamkia. "Marahaba, mwanangu. Kwani hukuuliza leo mwezi ngapi?" Nikamtajia tarehe. Akacheka, akaanza kuhesabu vidole kuanzia siku mwezi ulipoandama, akaniambia ni bamvua: maji yatarudi saa kumi. Hakutazama simu wala saa.

Tangu hapo sijalala vizuri kwa kulifikiria jambo hili. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua na mwezi huwa kwenye mstari mmoja na dunia, basi huvuta kwa pamoja. Siku moja mbili baadaye maji hupanda sana na hushuka sana, na hiyo ndiyo bamvua; Mombasa tofauti ya kujaa na kupwa huzidi mita 3. Mwezi ukiwa nusu, kila mmoja anavuta upande wake, na hayo ndiyo maji mafu, kiasi cha mita 1 tu. Sasa sikiliza uhondo. Kila siku maji huchelewa kama dakika 50, kwa sababu dunia ikimaliza mzunguko wake inakuta mwezi umeshasogea, inabidi iukimbilie. Dakika hizo zikijumlishwa kwa wiki mbili zinakuwa kama saa 12, yaani bamvua inayofuata inakuta saa zimerudi palepale. Ndiyo maana Mombasa, siku za bamvua, maji hupwa mnamo saa nne, asubuhi na usiku, na hujaa mnamo saa kumi, miaka nenda miaka rudi. Anayejua Ramadhani imefika siku ya ngapi anajua na bahari iko wapi. Mimi kalenda yangu nilipewa na duka la vifaa vya ujenzi.

Saa kumi bahari ilikuja kweli. Ilikuja yote. Ikaumeza mchanga hadi kwenye ukuta wa hoteli, tukabaki tumebeba viatu na mikoba vichwani, hatuna pa kuiweka. Tukapanda vidato viwili vya ngazi ya hoteli. Askari akafika mbio: hapo ni pa wageni. Nikamuuliza sisi ni nani. Akatazama bata wangu, hakujibu. Wakati huohuo wazungu wawili wakapita katikati yetu wakishuka majini, wala hawakuulizwa hata namba ya chumba.

Katiba ya 2010, ibara ya 62, inasema ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ya umma. Nimeisoma mara nyingi. Maana yake asubuhi mimi ni mwenye mali: mawe, majani na kaa. Alasiri shamba langu lote liko chini ya maji, na kila kilichobaki kikavu kina ukuta. Vichochoro vya kushukia ufuoni navyo vinazidi kuzibwa. Tulichopita sisi kilikuwa na lango la chuma, na kijana aliyelifungua alitaka "ya chai".

Treni ya kurudi ilijaa kabla sijakumbuka tiketi. Basi liliharibika Voi. Bata alitobolewa na mwiba wa mchongoma.

Nimemwambia mume wangu safari ijayo tutakwenda mwezi ukiwa nusu, maana maji mafu ya Mombasa hujaa asubuhi, na ufuo haumezwi wote. Ameniuliza kama mwajiri wake naye ameshaarifiwa.