Ungo wa Mama na Gia Mbili

Kitu cha kwanza kutoka jikoni kilikuwa sufuria ya wali. Kaka aliibeba kabla hapajakucha vizuri, akaiteleka kwenye jiko la mkaa uani, akamimina oili na kuning'iniza beringi ndani kwa waya ili isiguse chini. Mama aliamshwa na harufu. Aliitazama sufuria, akatutazama sisi, akavuta kigoda akaketi.

"Haya. Na mchana tutapikia nini, wanangu?"

Tulikuwa tunairudisha PTO, mtambo wa kutoa nguvu ya injini nje ya gari, kwenye Landrova ya marehemu baba, 109 ya mwaka 1967, iliyolala bandani kwetu Karatu misimu minne. Wanaoijua Landrova kwa safari za mbugani husahau kwamba ilipoonyeshwa Amsterdam mwaka 1948 ilinadiwa kama chombo cha shamba: kuvuta, kubeba, na kuzungusha mashine ikiwa imesimama. Lile tundu kubwa la mviringo kwenye chuma cha nyuma cha chesisi ni makao ya kisanduku cha PTO. Nguvu hutoka mgongoni mwa gia boksi, hupita kwenye propela nyembamba hadi kisanduku hicho, halafu hutokea nje kwa shafti yenye meno 6 na unene wa inchi 1⅜, kipimo kilekile cha trekta. Baba aliinunua kwa sababu ya tundu hilo. Kwa shafti hiyo tulipukuchua mahindi yetu na ya majirani, na ada zetu za shule zilitoka humo.

Beringi ilipopata joto, kaka aliichopoa kwa koleo, akaivisha kwenye shafti. Iliteleza yenyewe hadi kwenye bega, kama pete kwenye kidole chenye sabuni. Sekunde chache baadaye ilikuwa imeng'ata, haisogei hata unywele. Ningependa kila mtu aione kazi hiyo angalau mara moja, hasa mafundi wanaopiga beringi kwa nyundo.

Sili ndiyo iliyotutoa jasho. Ya kwanza tuliipitisha juu ya meno ya shafti bila kinga. Meno yale ni makali. Yaliukwangua mdomo wa mpira, na asubuhi tukakuta oili imechora mstari mweusi hadi mlangoni. Kwa ya pili tuliyafunika meno kwa pakiti ya maziwa tuliyoikata na kuipaka grisi, sili ikapita salama.

Kosa kubwa hatukuliona lilipotendeka. Gia mbili za kisanduku cha nyuma tulikuwa tumezisafisha kwa mafuta ya taa na kuzilaza kwenye ungo zikauke, ya juu kushoto, ya chini kulia. Mama alikuja kupepeta maharage. Ungo ni wake. Alizimimina gia kwenye bakuli, akaendelea na shughuli. Kaka alizichukua na kuzifunga bila kuuliza, nami nilikuwepo, sikusema neno.

Siku ya kupukuchua tuliweka mawe kwenye magurudumu, ile fimbo yenye kirungu chekundu tukaiweka katikati ili gari lisiondoke, tukaingiza PTO na gia ya pili. Mashine ya kupukuchulia iliitika kwa mlio mwembamba. Punje ziliruka hadi ukutani kwa jirani, kuku wakakimbia, na zilizoanguka kwenye turubai zilikuwa zimepasuka nusu kwa nusu. Punje iliyopasuka haifai mbegu, na ghalani wadudu huianza hiyo. Kaka alipunguza moto. Magunzi yakajaa, injini ikazimika. Aliongeza, punje zikapasuka tena. Gunia zima liliharibika hivyo, na mimi nililia.

Mama alikuwa amesimama mlangoni, kanga begani.

"Ya baba yenu haikuwa inalia hivi. Ilikuwa inanguruma."

Kaka alizima injini. Alikaa kimya kidogo, kisha akauliza, "Mama, zile gia uliziondoa kwenye ungo?"

Gia zile zinabadilishana nafasi. Zikikaa hivi, shafti inazunguka mara 5 kwa kila mizunguko 6 inayoingia; ukizigeuza, inazunguka mara 6 kwa kila 5. Mashine yetu inataka mizunguko 540 kwa dakika. Kwa moto uleule, sisi tuliozifunga kinyume tulikuwa tunaisukuma karibu 780.

Tulifungua bolti usiku kwa taa ya kandili, Mama akiishika mwenyewe. Kaka alibadilisha gia, mimi nikakata gasketi mpya kwa boksi la biskuti, tukajaza oili upya. Asubuhi kaka aliwasha, akaingiza PTO, akapandisha moto taratibu. Ngurumo ikaja, nzito, ile ya utotoni. Punje zilishuka kwenye turubai nzimanzima, njano. Mama aliinama akachota konzi moja, akaipepeta kwenye ungo, akazigeuza punje kwa kidole moja baada ya nyingine.

"Leteni magunia," akasema.