Orodha ya Michango Imegoma

Shangazi yangu ndiye mweka hazina wa kamati ya harusi ya binamu, na anaamini kwamba ahadi isiyotangazwa hailipwi. WhatsApp haitaki, eti huko watu hujifanya hawajaona. Kwa hiyo hututumia barua pepe asubuhi na jioni, yenye kiambatisho kilekile, “Michango ya Harusi.xlsx”: majina kushoto, ahadi katikati, kilicholipwa kulia. Kulia ni jangwa.

Siku moja kiambatisho kikagoma. Kompyuta ya ofisini ikaandika kwamba imeshindwa kuunda faili, nikague ruhusa za folda. Folda ipi? Hilo haikusema.

“Shikamoo shangazi. Orodha haifunguki.”

“Marahaba. Haifunguki, au hutaki kuona jina lako?”

Kufika mchana, kamati nzima ilijua nimebuni mbinu mpya ya kukwepa mchango. Ushauri ukamiminika hata hivyo: zima uwashe, hicho ni kirusi, piga Windows upya. Mjomba, ambaye hajawahi kumiliki kompyuta, ndiye aliyeshauri kwa uhakika zaidi.

Kijana wa IT alikuja anatafuna korosho. Akaeleza kwamba ukifungua kiambatisho humohumo ndani ya barua, bila kukihifadhi kwanza, programu ya barua pepe huweka nakala kwenye folda ya muda iliyofichwa. Kawaida nakala hiyo hufutwa baadaye. Lakini ukifunga barua faili likiwa bado wazi, au umeme ukikatika, hubaki humo. Likija faili jingine la jina hilohilo, huongezewa namba kwenye mabano, (1), (2), mpaka 99. Baada ya hapo programu hukunja mkeka. Na umeme wa ofisini kwetu, jamani, si wa kusimuliwa.

Akaifungua folda. Harusi tupu, kutoka juu mpaka chini! Akazifuta zote, kisha akasema shangazi awe anaongeza tarehe kwenye jina la faili.

“Kwani harusi imebadilika?” akajibu shangazi nilipomfikishia ushauri huo.

Faili likafunguka, juu yake utepe wa manjano ukionya kwamba viambatisho vya barua pepe vinaweza kuwa na virusi, niwe mwangalifu. Nikateremka mpaka kwenye jina langu. Limepakwa rangi nyekundu.

Simu ikaita.

“Imefunguka?”

“Imefunguka, shangazi.”

“Haya, nakutumia namba ya kulipia. Hiyo haihitaji kompyuta.”